Tarehe Mosi Hakuna Anayenunua Umeme

Jumamosi, tarehe mosi. Lizaboni, Songea. Magharibi imeshapita.

Baridi ya leo haina adabu. Tangu alfajiri nimevaa sweta juu ya sweta na kitenge juu ya yote, mteja mmoja akanicheka kwamba fundi nimekuwa robota la mitumba. Lakini nina furaha. Nina furaha na nina aibu kidogo, na nataka niandike vyote viwili kabla sijalala, maana najijua, kesho nitakumbuka furaha peke yake.

Baba ameona.

Nianze mwanzo. Baba yangu ni mkulima wa korosho Nakapanya, wilaya ya Tunduru. Sisi ni Wayao, na kule nyumbani tunamwita Atati, ila mimi miaka ya mjini imenizoesha kusema Baba. Miaka minne sasa mtoto wa jicho alikuwa anamfungia dunia polepole. Tulimbembeleza apasuliwe, akagoma. Mwaka juzi mama yetu alipofariki, alimzika mke wake bila kumwona uso vizuri, na bado akagoma. Alisema mkorosho anaujua kwa kuushika na mpira anauona kwa redio, sasa kisu cha daktari kinamhusu nini?

Basi wiki hii madaktari wa macho wamekuja hapa mjini, nikampigia simu nikampa hongo. Ndiyo, hongo, mimi ninayelalamikia rushwa kila siku. Nikamwambia timu ya taifa inacheza Jumamosi saa kumi jioni, ugenini, na mimi nina televisheni. Akipasuliwa Ijumaa, bandeji itatolewa Jumamosi asubuhi, na mechi ataitazama kwa jicho lake mwenyewe. Upande wa pili nikamsikia anapunguza sauti ya redio.

"Hiyo televisheni yako inafanya kazi?" akauliza.

"Inafanya, Baba."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Nikaongeza na jingine: nikamwambia redio asiibebe, ya nini tena? Naomba hili likumbukwe, kwa sababu litarudi kunichapa.

Leo asubuhi muuguzi alipotoa bandeji nilikuwa nimesimama mbele ya Baba kama mtoto anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Nilitaka anione. Najua katika miaka hii minne nimezeeka, jino moja la pembeni nimeng'olewa, lakini ni mimi. Baba akapepesa, machozi yakamtoka, akatazama ukuta, akamtazama muuguzi, akasema, "Alhamdulillahi, kumbe koti lenu ni jeupe kweli." Halafu akageukia upande wangu, mwanga wa dirisha ukamchoma, akavaa miwani myeusi aliyopewa na kuuliza, "Mechi saa kumi, siyo?"

Basi, hayo tu.

Niliumia kidogo, nisiseme uongo. Nikamshika mkono tukarudi nyumbani.

Sasa nieleze habari ya umeme, maana bila hiyo aibu yangu haitaeleweka. Nyumba niliyopanga ina mita moja na wapangaji watatu. Mimi niko mbele. Katikati yupo Mwalimu Neema, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa huku kufundisha. Nyuma yupo Baba Faraja, Mngoni anayeuza mahindi sokoni, na familia yake. Mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam, tunamjua kwa sauti. Umeme tulikuwa tunanunua kwa zamu, na zamu zilikwenda vizuri, mpaka ilipoamuliwa kwamba kodi ya jengo iwe inakatwa humo humo kwenye umeme. Mwezi ukianza, anayenunua wa kwanza ndiye anayekatwa. Wanaofuata wananunua raha mustarehe.

Kiasi chenyewe hakizidi sahani ya wali maharage. Lakini jengo si letu! Tulimpigia mwenye nyumba, akasema tusijali, atatupunguzia kwenye pango. Mpaka leo hajapunguza chochote ila kupokea simu zetu.

Kwa hiyo humu ndani tarehe mosi hakuna anayenunua umeme. Tunaviziana. Kuanzia tarehe ishirini na nane kila mtu akienda chooni anapitia kwenye mita kuchungulia. Mwalimu Neema anazima friji. Baba Faraja anakuwa mcha Mungu ghafla, familia nzima inalala saa mbili. Kuna mwezi tulikaa gizani siku mbili nzima, watu wazima watatu wenye akili zao, kila mmoja na mishumaa yake, na hela ya mishumaa ile ingelipa kodi ya jengo na chenji ikabaki.

Miezi miwili iliyopita aliyeshindwa ni mimi, kwa sababu ya pasi. Mwezi wa kwanza nikanyamaza. Mwezi wa pili nikaapa kwamba sitaanza tena, hata dari lishuke. Sasa ona: mtu mmoja, viapo viwili, na vyote vimeangukia leo.

Sichukii kodi, jamani. Nalipa. Mimi ni fundi cherehani, na mwaka wa uchaguzi nashona sare za vyama vyote, asubuhi rangi hii, mchana rangi ile, cherehani yangu haina kadi ya mtu. Nilipokwenda kufanyiwa makadirio ya kodi, dada wa mapato aliniuliza biashara ikoje, nikajieleza kwa unyonge mpaka nikaona anataka kunichangia nauli. Bado akanikadiria. Nikalipa. Ila mtu akilipa anapenda kujua hela yake imefikia wapi. Mtaro ambao diwani alituahidi sijauona. Taa za mtaani aliyeziahidi alishashindwa kura, hata wa kumuuliza hayupo. Kwa hiyo nimejiamulia mwenyewe: kodi yangu imekwenda kwenye timu ya taifa. Siyo jezi, wala siyo kiatu kizima, mimi fundi mdogo. Imenunua kamba za viatu vya beki wa kushoto. Zile kamba ni zangu, na nikimwona anapanda na mpira kifua kinanijaa.

Napenda mpira kuliko siasa kwa sababu moja. Timu ikishinda, kila mkubwa nchini ameshinda, utawaona kwenye picha wamemkumbatia golikipa. Ikifungwa, amefungwa kocha peke yake. Lakini kamba zangu zipo tu, tushinde tusishinde, zimefungwa zinakimbia.

Turudi leo. Saa nane mchana mita ilikuwa na uniti mbili na kitu. Televisheni na king'amuzi havili umeme mwingi, mechi ingeisha na salio likabaki. Ila nilikuwa na sare za shule kumi na moja za kupiga pasi. Pasi ya mkaa ninayo, na mkaa ulikuwepo. Nikachomeka ya umeme.

Nilifanya makusudi. Nilisema moyoni, kama ni kuisha na uishe mchana huu, wenzangu watake mechi, wanunue wao, kodi iwakate wao. Nilipiga pasi sare zote kumi na moja, nikarudia na pindo. Hii ndiyo aibu yenyewe, nimeshaiandika.

Saa kumi kasorobo wageni wakaingia. Mwalimu Neema alileta karanga za kukaanga, Baba Faraja alileta kiti chake kwa sababu haamini viti vya wengine. Wote wawili wakampa mzee shikamoo na pole ya jicho. Nilikuwa nimefunga pazia zito ili mwanga usimuumize, chumba kikawa na giza la sinema. Baba akavua miwani. Timu zikaingia uwanjani, akasogea mbele ya kochi mpaka nikaogopa ataanguka.

"Aa, bluu," akasema taratibu. "Nilikuwa nimeanza kuisahau bluu."

Hapo nilifurahi mpaka nikasahau mita.

Wenyeji wetu, ambao siwataji wasije wakajiona, walianza kwa fujo. Dakika ya thelathini beki wa kushoto akateleza, mshambuliaji wao akapita, moja bila. Baba Faraja akanigeukia, "Fundi, hizo kamba zako alizifunga nani?" Baba akataka kuelezwa habari ya kamba. Alipoelezwa alicheka sana, kisha akajishika jicho, maana ameambiwa asiiname, asikohoe kwa nguvu, asibebe ndoo, na nadhani hata kucheka kumo.

Mapumziko hayajaisha, mita ikaanza kulia. Tii. Tii. Tii.

Sote watatu tuliisikia. Hakuna aliyegeuka. Mwalimu Neema akachukua rimoti akaongeza sauti ya matangazo.

"Nini kinalia?" Baba akauliza.

"Simu ya mtu, mzee," akajibu Baba Faraja, akachota karanga.

Nilikuwa na hela kwenye simu. Niseme hilo pia. Nilikaa pale, hela mfukoni, baba yangu pembeni, nikimsubiri Mwalimu ashindwe, na Mwalimu akinisubiri mimi. Kipindi cha pili kikaanza. Tukapata faulo nzuri, tukagonga mwamba, Baba akapiga magoti yake kwa viganja kama anacheza ngoma. Dakika ya sabini na moja tukapata kona. Mpigaji akaweka mpira, akarudi nyuma hatua tatu, akainua mkono.

Kioo kikazima.

"Wamekata?" Baba akauliza.

Mwalimu Neema akamtazama Baba Faraja, Baba Faraja akanitazama mimi.

"Umeme umeisha, Baba," nikasema.

"Nunua."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumweleza. Nilimweleza kodi ya jengo, nikamweleza zamu, nikamweleza mwenye nyumba wa Dar es Salaam. Mwalimu Neema akaongezea kuhusu haki za mpangaji. Baba Faraja akasema tatizo siyo hela, ni msimamo. Mzee wa watu amekaa kwenye kochi, jicho lina siku moja, anahutubiwa na wabunge watatu.

Akatusikiliza mpaka tukaisha. Akatabasamu.

"Mimi nilijificha juu ya mkorosho siku tatu kwa kodi ya kichwa," akasema.

Sikuwahi kuisikia hadithi hii, na nina karibu miaka hamsini. Alisema zamani, kabla kodi ile haijafutwa, mgambo walipokuwa wakiingia Nakapanya wanaume wote walikimbilia mashambani na kupanda mikorosho. Mama alikuwa anampelekea ugali ndani ya kapu la kuokotea korosho, anaimba akipita ili ajue ni yeye. Siku ya tatu timu ya taifa ilikuwa inacheza, na redio kijijini ilikuwa moja, dukani. Akavumilia, akashindwa, akashuka. Mgambo alikuwa amekaa pale pale dukani anasikiliza. Akamwangalia Baba, akamsogezea kigoda, akamwambia kaa, nitakukamata mpira ukiisha.

"Nikageuka nyuma," akasema Baba, "naona wenzangu wote wanashuka. Kila mtu alidhani yuko juu peke yake."

Halafu akatutazama mmoja mmoja. "Sasa nanyi mmepanda mikorosho ndani ya nyumba. Na mimi redio nimeambiwa niiache."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejitetea.

Nilisimama. Mwalimu Neema naye akasimama, akasema ana simu ya kupokea nje. Baba Faraja akasema anakwenda kumwangalia mbuzi. Hana mbuzi. Sikuwajali, nikavuta pazia lote nipate mwanga wa kusomea, nikasimama dirishani na simu kununua umeme. Mtandao ukazunguka. Ukazunguka tena. Nikajikuta namwomba Mungu kwa jambo ambalo saa moja kabla ningelimaliza kwa kidole kimoja. Ujumbe ukaingia, kodi ya jengo imekatwa juu kabisa, sikuusoma mara mbili. Namba ishirini. Nikakimbia kwenye mita kuziingiza, nikakosea ya kumi na nne, ikanikataa. Nikaanza upya huku nanong'ona kila namba.

Taa ikawaka. King'amuzi nacho kikaanza kutafuta mawimbi kwa utulivu wake, kama hakuna mechi duniani. Picha iliporudi ilikuwa dakika ya themanini na nne, bado moja bila, wenzangu wamesharudi wamekaa. Sikumuuliza mtu habari za mbuzi.

Mechi imeisha moja moja. Ugenini! Sare tamu kuliko ushindi wa nyumbani. Mtaa mzima ulipiga kelele, na sasa hivi ninavyoandika kuna mtu bado anapiga vuvuzela, nadhani ndiye peke yake aliyebaki nayo Songea nzima.

Wageni walipokuwa wanaaga, Mwalimu Neema akakohoa, akanipa kikaratasi. Namba ishirini. Alikuwa amenunua umeme. Baba Faraja akamwangalia, akatoa simu yake, naye ana namba zake ishirini. Wote watatu tulinunua kwa wakati mmoja, kila mtu kwa siri, mimi nikawatangulia kwa kama dakika moja, kwa hiyo kodi imenikata mimi, mwezi wa tatu mfululizo. Tukaziingiza namba zote. Mita sasa imeshiba, tunaweza kupika ubwabwa wa harusi.

Baba alicheka mpaka akajishika jicho tena. "Nilijua," akasema. "Kila mkorosho una mtu."

Goli lenyewe sijaliandika. Nimeliacha makusudi mpaka hapa.

Dakika ya themanini na nane. Mimi nilikuwa nimerudi kusimama pale dirishani, nimeshika simu, naogopa hata kukaa nisije nikaharibu kitu. Pazia lilikuwa wazi, nilisahau kulifunga. Beki wa kushoto akapanda na mpira, yeye mwenyewe, na kamba zangu. Akampita mmoja, akapiga krosi. Kichwa. Wavuni! Baba Faraja akapiga teke kiti chake mwenyewe, Mwalimu Neema akarusha karanga juu kama mchele wa bi harusi. Nami nikageuka upesi kumwangalia Baba, maana nilichoapa kwenye simu ndicho hiki, aone goli kwa jicho lake, na nilitaka niione sura yake wakati analiona.

Baba hakuwa anatazama televisheni.

Alikuwa ananitazama mimi. Sijui tangu saa ngapi. Nadhani tangu nilipovuta pazia. Jicho moja bado lina ukungu wake, lakini lile jipya lilikuwa wazi kabisa, linatiririka machozi kwa mwanga, na hakulifunga.

"Ukinuna unakuwa mama yako kabisa," akasema. Katika kelele zile nilimsikia vizuri.

"Baba, goli! Geuka, geuka wanarudia!"

Hakugeuka.

"Waache warudie," akasema. "Magoli nimeshayasikia mengi, Zuhura. Wewe nilikuwa sijakuona."

Nikasema naenda kuangalia chai. Jikoni nilisimama mbele ya jiko mpaka chai ikamwagika yote, nikainjika nyingine.

Sasa hivi Baba yuko chumbani anaswali akiwa amekaa kwenye kiti, kwa sababu kusujudu kumekatazwa, na nasikia anaguna kila anapokumbuka kwamba haruhusiwi kuinama. Jumatatu daktari akimkagua atapanda basi la Tunduru, arudi kwa mikorosho yake na redio yake. Pazia nimeliacha wazi.

Tarehe mosi ijayo nitanunua mimi. Asubuhi na mapema, kabla mtu hajashuka kwenye mkorosho wake.